Stesheni Yangu ya Mbao na Kuta Zilizokunja Mgongo

Jumapili moja ya mwezi wa Januari niliteremka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na kikombe cha chai mkononi, na ile furaha ya mtu anayekwenda kuitazama kazi yake ya jana. Usiku nilikuwa nimepaka rangi kuta nne za stesheni ndogo ya mbao ya treni za mfano, manjano iliyokoza kidogo, nikazilaza juu ya gazeti zikauke, nikapanda kulala. Kuwasha taa, nikakuta zote nne zimekunja mgongo kama ngozi ya samaki iliyotiwa kwenye mafuta ya moto. Ukuta mrefu, ule wenye dirisha la karani wa tikiti, ulikuwa umejiinua kwenye gazeti hata kidole kingepita chini yake.

Nikaiweka chai pembeni. Ilipoa palepale.

Stesheni ile hatimaye ilisimama, na ukiitazama leo huwezi kujua ilikotoka. Lakini ilinila miezi mitatu na zaidi ya saa 50, na karibu nusu ya saa hizo nilikuwa narekebisha niliyoyaharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Kama umenunua nyumba ya mbao ya kuunga kwa ajili ya treni za mfano, au mtu amekupa zawadi na imekaa kabatini inakutazama, soma haya kwanza kabla hujafungua kopo la rangi.

Mimi ni mtoto wa relwe. Baba yangu alifanya kazi stesheni ya Mackinnon Road, kwenye reli ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi, pale penye msikiti wa Seyyid Baghali kando ya njia. Utotoni mwangu injini za mvuke za Garratt, za daraja la 59, zilikuwa bado zinapanda kutoka Pwani zikihema. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima, na uzito wake ulikuwa tani 250 na ushei. Mtoto ukisimama karibu na reli, miguu ndiyo iliyotangulia kujua kwamba inakuja, macho baadaye.

Leo niko Pennsylvania, naendesha basi la shule, na kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni nina saa nne za bure. Jirani yangu ni mzee wa miaka 80 hivi, fundi umeme mstaafu. Siku aliyosikia kwamba baba alikuwa relwe alinishika mkono akanipeleka chini ya nyumba yake, na huko nikakuta mji mzima juu ya meza: vilima, daraja, ghala, taa za barabarani, na treni ya mizigo inazunguka. Nikacheka kwanza. Kisha nikanyamaza, nikakaa pale saa mbili. Huku watu wazima hawaoni haya kuchezea treni. Wana chama chao cha taifa, NMRA, tangu mwaka 1935. Mzee akanipa reli zake za zamani, injini moja na mabehewa manne, akasema vinamjazia nafasi. Nikanunua plaiwudi ya futi 4 kwa 8, nikaitia miguu, nikawa na meza ya reli.

Nilichokitaka moyoni ni Mackinnon Road. Lakini sikupata seti ya kuunga ya stesheni hiyo popote, na reli yetu ya zamani ilikuwa ya mita moja, kwa hiyo kwa kipimo changu ingehitaji reli ya mfano yenye upana wa milimita 12, wakati niliyopewa ina milimita 16.5. Nikaamua nijifunze kwanza kwa stesheni ya Kimarekani. Nikiharibu, niharibu ya watu.

Kipimo chenyewe kinaitwa HO, yaani 1 kwa 87. Kwa hesabu ya haraka, futi moja ya kweli ni milimita 3.5 mezani. Mlango wa futi 7 unatoka milimita 24 na nusu, mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Hesabu hiyo iandike ukutani kwa kalamu nene, maana utaihitaji kila dakika: ngazi iwe na upana gani, benchi liwe na kimo gani, tabaka la karatasi ya paa liwe na upana gani. Mimi sikuiandika, nikatengeneza benchi ambalo abiria angelipanda kwa ngazi.

Seti niliinunua kwa dola 78. Sanduku lilikuwa jepesi hata nikadhani limesahauliwa kujazwa. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba nyeupe wanazoziita basiwudi, laini, hata ukucha unaacha alama, zimekatwa kwa leza na matundu ya madirisha tayari. Kuta zilikuwa na mifereji ya kulala, kuiga mbao zinazolaliana moja juu ya nyingine. Mlikuwa na fremu za madirisha nyembamba kama karatasi, zenye gundi nyuma, fito za kila unene, karatasi nyeusi ya paa, kimfuko cha vikorokoro vya madini kama mapipa na bomba la moshi, na kurasa 11 za maelezo.

Sasa hapa ndipo uchawi wote ulipo. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, palikuwa pameandikwa kwamba kuta zitiwe viegemeo kwa ndani kabla ya rangi yoyote, kisha zipakwe pande zote mbili. Mimi ni mtu niliyewahi kuunga kitanda cha dukani bila kugusa karatasi ya maelezo, nikabaki na skrubu tatu mkononi, na kitanda kikasimama mpaka leo. Kwa historia hiyo, kurasa 11 nilizitumia kuwekea kopo la rangi lisichafue meza.

Nikapaka upande mmoja, ule wa nje, kwani wa ndani nani atauona? Rangi yenyewe ilikuwa ya maji, nami nikaipaka nzito ili nimalize kwa mkono mmoja. Mbao nyembamba ya milimita moja na nusu ikanywa maji upande mmoja, ikavimba upande huo, na upande wa pili ukabaki mkavu. Ukiongeza na joto la tanuri la nyumba wakati wa baridi, ambalo hukausha hewa ya besmenti hata midomo inapasuka, matokeo ndiyo yale niliyoyakuta asubuhi.

Na kosa halikuishia hapo. Nilipoona zimepinda nikapanda juu, nikachukua draya ya nywele ya mke wangu, nikaanza kuzichoma hewa ya moto nikidhani zikikauka zaidi zitanyooka. Zikazidi. Ukuta mmoja mfupi ukajipinda kama parafujo, kona moja juu na nyingine chini. Mke wangu akatokea ngazini.

“Hiyo si draya yangu?”

“Ni yako. Naokoa nyumba.”

Akaitazama nyumba, akanitazama mimi. “Hiyo haiokoki,” akasema, akaichukua draya yake.

Nikafunga kuta kwenye gazeti kama mtu anayebeba maiti ya njiwa, nikaenda kwa jirani. Mzee alichukua ukuta mmoja, akaugeuza, akaona mbao tupu kwa nyuma. Akauliza maneno mawili tu: “Upande mmoja?” Kisha akacheka mpaka akakohoa. Akasema kila mtu aliyewahi kuunga nyumba ya namna hii ameshafanya hivyo mara moja, na wanaofanya mara ya pili ndio huacha na kuhamia kwenye uvuvi.

Namna tuliyoziokoa ni hii. Upande mtupu tuliupitisha sponji yenye unyevu, si ya kuchuruzika maji, ni ya kulowanisha tu. Tukaziweka kati ya karatasi mbili za kuokea mikate ili zisigande, juu ya kioo kinene, na juu yake kioo kingine, kisha vitabu vizito na betri kuukuu la gari. Zikalala hivyo usiku mzima na mchana wake. Kuta tatu zilinyooka vya kutosha. Wa nne, ule uliopitishwa draya, ulikataa katakata. Ikabidi ninunue ubao mwingine wa mifereji kwa dola 9, nikachora matundu ya madirisha kwa kutumia ukuta mbovu kama kielelezo, nikayakata kwa wembe. Kile ambacho leza ilifanya kwa kufumba na kufumbua kilinichukua saa tatu, na tundu moja lilitoka kubwa kwa milimita nzima. Fremu ya dirisha iliificha aibu hiyo. Wembe nilibadilisha mara nne. Nyembe butu haikati basiwudi, inaisaga, na ukingo unabaki na nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa.

Safari ya pili nikafuata utaratibu wa mzee. Kwanza viegemeo. Mifereji ya kuta inalala, na nyuzi za mbao zinalala pamoja nayo, kwa hiyo ubao hupenda kujikunja kutoka juu kwenda chini. Viegemeo basi vinasimama, vinazikata nyuzi: fito za milimita 3 au zaidi, kila baada ya inchi moja na nusu hivi, mbali na matundu ya madirisha, na si kwenye kona ambako kuta mbili zitakutana. Gundi ni nyeupe ya kawaida ya seremala, kidogo, kisha unaibana chini ya uzito mpaka ikauke kabisa. Halafu rangi, tabaka jembamba mno, ndani na nje siku hiyohiyo, tena rangi iliyokaribia kukauka kwenye brashi. Basiwudi ikipata unyevu inaota manyoya madogo. Yaache yakauke, pitisha msasa namba 400 kwa wepesi ukifuata mifereji, kisha tabaka la pili. Mimi nilipaka matatu. Jumla ya kazi ya rangi ilikuwa jioni nne, na kila jioni nilifanya kazi dakika 20 na kusubiri saa 24. Kusubiri ndiko kugumu kuliko kupaka.

Fremu za madirisha na milango zipake zikiwa bado kwenye ubao wake, kabla hujazikwanyua. Hapo hazipotei wala hazivunjiki. Nilichagua rangi ya udongo mwekundu uliofifia. Hilo lilikwenda bila matata, na ni moja ya siku chache nilizopanda juu nikiimba.

Jukwaa la mizigo, lile la mbao tupu zisizopakwa rangi, ndilo lililonifundisha habari ya spiriti na wino. Mbao iliyoachwa juani miaka haiwi kahawia, inakuwa kijivu kama nguzo za gati kuukuu. Kuipata rangi hiyo unachukua spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, unatia wino mweusi wa kuchorea, unatikisa, unapaka. Mimi nilitumia kijiko kimoja cha chai kwa chupa ya nusu lita, na nikaona inatosha; ukitaka iliyokoza, pitisha tena. Dukani ziko za asilimia 70 na za asilimia 91. Chukua ya 91. Ile ya 70, asilimia 30 iliyobaki ni maji, na maji tumeshayaona yanachofanya.

Ila mimi niliunga jukwaa kwanza, ndipo nikapaka wino. Kila mahali gundi ilipogusa, hata ile niliyoifuta kwa kidole nikadhani imetoka, wino haukuingia. Jukwaa likawa kijivu safi lenye madoa meupe, kama mtu mwenye mapunye. Hakuna dawa ya hilo isipokuwa msasa na machozi. Nililibandua lote, fito 31, nikazipaka wino moja moja, nikaziunga upya. Tangu hapo kwangu ni amri: wino kwanza, gundi baadaye, na vidole vioshwe kati ya hapo.

Niseme neno kuhusu uchakavu, kwa sababu hapa mimi na wenzangu wa mchezo huu hatuelewani. Mtindo uliopo ni kuifanya kila nyumba ionekane inaanguka kesho. Rangi imebanduka, mbao zimeng'oka, paa limetoboka. Kuna ufundi wake mzuri tu. Unapaka tapentaini isiyo na harufu kwenye mbao, unagusagusa rangi ya akriliki juu yake kwa sponji, na kabla haijashika sawasawa unabandika tepu ya karatasi na kuibandua. Rangi inatoka vipande vipande kama ukuta wa kweli uliopigwa na mvua. Nimejaribu kwenye kipande cha majaribio na nilifurahi kama mtoto. Lakini stesheni niliyokulia haikuwa gofu. Baba alikuwa akifagiza jukwaa kila alfajiri, na mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa tena kabla hayajaanza kuonekana machafu. Stesheni yenye karani, yenye treni mbili kwa siku, ni mahali panapopakwa rangi. Basi nikachakaza tu pale ambapo mtu hupachakaza: kizingiti, ukingo wa jukwaa wanapoburuta mizigo, na chini ya kuta ambako tope hurukia. Jirani aliona imekuwa safi mno. Nikamwambia hajawahi kumwona baba yangu.

Kuunga kuta nne si kazi kubwa kama huna haraka. Nilitumia skwea ndogo ya chuma kwenye kila kona na vibanio vya nguo kushikilia. Nikaunga kona mbili kwanza, kila moja peke yake, zikakauka usiku, ndipo nikaleta nusu mbili pamoja. Usiamini jicho. Nilikuwa na hakika kona ya tatu imenyooka, skwea ikaniambia imeachama nywele mbili, na nywele mbili chini zinakuwa ufa wa kuingiza sarafu kwenye paa.

Vioo vya madirisha ni plastiki angavu. Nilivibandika kwa supaglu kwa sababu inashika upesi, na asubuhi vilikuwa na ukungu mweupe kama dirisha la hoteli ya chai wakati wa mvua. Mvuke wa supaglu ndio unaofanya hivyo, na hautoki. Nikakata vingine sita, nikabandika kwa gundi nyeupe kidogo sana pembeni kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Ziko gundi maalumu za vioo vya namna hii, mimi sikuona haja.

Halafu paa. Hili nalieleza kwa aibu.

Paa la seti hii ni la karatasi nyeusi, kuiga yale makaratasi ya lami yanayouzwa kwa mizingo yenye upana wa futi 3. Kwa kipimo cha HO unakata tepe za milimita 10 na nusu hivi, unazibandika moja moja, kila moja ikilalia nyingine kidogo. Nikakata zangu vizuri kwa rula ya chuma. Nikaanzia juu, kwenye mgongo wa paa, nikashuka mpaka upenuni. Upande mzima. Nikasimama kuutazama, kitu kikawa hakinikai sawa, sikijui. Binti yangu wa miaka 12 alikuja kuniita chakula, akaangalia, akauliza, “Baba, mvua ikinyesha si itaingia ndani?”

Mtoto wa Pwani! Nimezaliwa chini ya makuti. Nimewahi kumrushia fundi makuti nikiwa na miaka minane, naye yuko juu ya fito anaanza chini upenuni na kupanda nayo, safu kwa safu, ili la juu lifunike la chini na maji yateleze. Hilo ni jambo ambalo sikulijifunza, nililikuta. Kisha nimevuka bahari, nimepewa karatasi nyeusi ya milimita kumi, nikaezeka kichwa chini miguu juu. Nikabandua zote. Gundi ilikuwa mbichi bado, zikatoka bila kuchanika sana. Safari hii nilianzia upenuni, na nikawa kila safu naipitisha kidole naikumbuka sauti ya yule fundi akidai makuti mengine.

Vumbi la paa nililipata kwa chaki za kuchorea, kijivu na kahawia, nilizozisaga kwa wembe na kuzipaka kwa brashi laini. Chaki hiyo haishiki yenyewe, inahitaji vanishi isiyong'aa ya kupuliza. Mambo mawili hapa. Kwanza, usipulize ndani ya besmenti kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, na tanuri la gesi liko hatua tano. Mke wangu alinusa akiwa ghorofa ya juu, na maneno aliyoniambia alikuwa na haki nayo. Toka nje, na ungojee siku isiyo ya baridi kali, maana kopo likiwa baridi linatema matone badala ya ukungu. Pili, vanishi ikishakauka usirudie spiriti na wino juu yake. Nilitaka kutia giza kidogo chini ya upenu, nikapitisha brashi yenye wino, na dakika tano baadaye ukuta mzima ukawa na utando mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimebakiza siku moja tu kumaliza.

Nilimpigia mzee simu usiku saa tatu. Akasema nipulize tena tabaka jembamba la vanishi ileile. Nikatoka nje na koti, nikapuliza kwa mkono unaotetemeka, na utando ukayeyuka mbele ya macho yangu. Haukuisha wote, chini ya dirisha moja umebaki kivuli cheupe. Wageni husema ni vumbi, wananisifu.

Kwa wanaotaka kujua hasara: seti dola 78, rangi na brashi 31, kisu, nyembe na skwea 24, ubao wa kubadilishia 9, vanishi 14, spiriti na wino 13. Jumla dola 169. Vifaa vitabaki kwa nyumba ijayo, lakini mtu akikwambia mchezo huu ni wa dola 78, muulize atakata kwa kisu gani.

Siku ya kuiweka mezani ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Niliipakaza gundi chini, nikaibandika kando ya reli pale nilipokuwa nimeshaichorea mahali pake, nikawaita wa nyumbani wote. Nikawasha. Injini ikapita vizuri. Behewa la kwanza likapita. La pili, lile refu la kufunikwa, likagonga ukingo wa upenu wangu, likalala ubavu, likavuta na mwenzake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa maafa makubwa namna ile. Kipo kipimo cha chuma cha NMRA, kibapa kidogo unachokisimamisha juu ya reli, kinakuonyesha umbali ambao kitu chochote kinapaswa kuwa mbali na treni. Mzee alikuwa amenipa tangu Desemba. Kilikuwa kwenye droo. Kwa bahati gundi nyeupe haikuwa imeshika, nikaisogeza stesheni nyuma milimita 4, nikapitisha mabehewa yote kwa mkono, mbele na nyuma, ndipo nikaiacha ikauke.

Kilichobaki kilikuwa watu. Nilinunua pakiti ya watu wa plastiki wasiopakwa rangi, nikachagua mmoja aliyesimama mikono nyuma. Baba alikuwa na futi 5 na inchi 8, kwa hesabu yetu ni milimita 20 kasoro kidogo, na huyu anakaribia. Nikampaka ngozi, nikampaka shati jeupe na suruali nyeupe, na kofia, kwa brashi niliyoipunguza nywele mpaka zikabaki nne au tano. Kofia nilirudia mara tatu. Nikamsimamisha mlangoni kwa chembe ya nta, si kwa gundi, maana sijaamua mahali pake hasa.

Binti yangu akipita humgeuza aelekee upande treni inakotokea, anasema babu anaingoja. Nami nikishuka asubuhi na chai yangu namrudisha kuelekea dirishani kwa ndani, ambako nimechora saa ya ukutani kwa kalamu. Baba hakuwa mtu wa kuangalia njia. Alikuwa anaangalia saa, kisha anasikiliza.